Mlolongo Uliohesabiwa Mara Mbili

Jericho, Nairobi
17 Januari 1988

Kwa Baba Batulo,

Mimi Munyoki sasa nina miaka sabini na moja. Nimezika mke mmoja na ndugu wanne. Injini zote za mvuke nilizozijua pale stesheni zimekatwa vyuma chakavu, mimi nipo. Wakubwa watatu wa reli waliniambia ubishi wangu utaniua mapema, na wote watatu nimehudhuria mazishi yao nikiwa nimevaa tai. Meno ni yale yale ukitoa sita.

Wewe hujambo? Ule mgongo wako uliokuwa unakusumbua ukibeba magunia umepona? Batulo yuko wapi, ameolewa? Isiolo kuna baridi ama ni joto tu? Sisi hapa ni wazima. Nthoki binti yangu anauza mboga sokoni na ananipikia, na chakula chake kinahitaji chumvi lakini huwezi kumwambia.

Kwanza angalia huu mwandiko. Ni wangu! Ulipokuwa hapa ni wewe uliyekuwa unaniandikia barua za nyumbani, mimi nimesimama upande huu wa kaunta nasema, wewe upande ule unaandika, na unaongeza maneno ya adabu ambayo mimi sikuyasema. Baada ya wewe kuondoka nilikosa mtu. Nikaingia ngumbaru ya mtaa wa mbali ambako hakuna anayenijua, nikakaa dawati moja na kina mama, nikasoma miaka miwili. Mwalimu alisema tangu aanze kazi hajaona mzee kama mimi. Nthoki anasema hiyo haikuwa sifa. Barua hii nimeianza Jumatano na leo ni Jumapili.

Anwani yako nimepewa na Qali, mtoto wa dada yako anayeuza vitambaa pale karibu na lango la soko. Alinitazama kwanza juu mpaka chini, halafu akanipa.

Duka lako sasa ni la kutengeneza redio. Benchi la nje bado liko. Drafti nacheza na fundi saa mmoja wa Makongeni, tunatumia vizibo vya soda kama siku zile. Namshinda kila siku. Hana utamu kwa sababu akishindwa ananyamaza tu. Wewe ulikuwa ukishindwa unapiga kelele mpaka wateja wanakimbia.

Mama Nthoki alikufa mwaka wa themanini na tano, mwezi wa nane. Ile wiki ya mwisho aliniuliza, "Baba Batulo amepewa habari?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimekupa. Ndiyo nakupa sasa.

Mwezi ujao hapa kuna kazi. Chama kinachagua mtu wake wa bunge, na safari hii hakuna karatasi wala sanduku. Watu watapanga mstari nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mtu wao, wahesabiwe mchana kweupe. Sisi tunauita mlolongo. Katika kituo chetu anayehesabu ni nani? Ni mimi, mwenyekiti wa chama wa mtaa, mwaka wa nane sasa.

Yale mambo ya sabini na tisa tusiyaguse. Wakati ule tulikuwa vijana.

Basi andika, hata kama ni mistari miwili. Ama njoo. Basi la Isiolo linafika hapa kwa siku moja tu.

Mimi ndugu yako,
Baba Nthoki


Jericho, Nairobi
28 Februari 1988

Kwa Baba Batulo,

Salamu tena. Natumaini hamjambo wote. Mimi kifua kilinibana kidogo, sasa ni kizuri. Barua yangu ya Januari nadhani ilipotea, maana watu wa posta wa siku hizi si kama sisi watu wa reli. Ilikuwa inakusalimu tu na kukupa habari ya Mama Nthoki kwamba alifariki.

Sasa nikueleze mlolongo.

Jumatatu iliyopita nilikuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, koti, tai, beji ya chama. Waliosimama ni wawili: Mheshimiwa Kinyanjui, ambaye ndiye mbunge na ndiye anayetakiwa na wakubwa wa chama, na Mwalimu Dedan aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu. Meza iliwekwa kando ya goli. Katibu wetu Irungu akaniletea fomu. Nafasi za hesabu hazina kitu. Chini kabisa, nafasi ya mwenyekiti kuweka sahihi. Akaniambia, "Mzee wangu, weka sahihi sasa hivi kukiwa na utulivu. Baadaye watu watajaa na jua litakuwa kali, sitaki uchoke."

Nikaona huyu kijana ana heshima. Wewe unajua mimi na kalamu. Herufi saba za jina langu si mchezo. Watu wa hapa niliwaambia zamani kwamba nilifika darasa la nane, kwa hivyo sipendi waniangalie nikiandika. Nikaketi, nikaandika polepole, hakuna mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nilifurahi sana kumaliza.

Saa nne mistari ikawa tayari. Nikahesabu kama tulivyokuwa tunahesabu mabehewa pale yadi: unaanza kwa injini unakwenda mpaka gari la gadi kule mkiani, halafu unageuka, unahesabu tena kutoka gari la gadi mpaka injini. Hesabu mbili zikikutana, unaandika kwa chaki. Zisipokutana, unaanza upya hata kama mvua inanyesha na mkubwa anatukana. Miaka thelathini na moja sikupoteza behewa hata moja, uliza mtu yeyote.

Mstari wa Mwalimu Dedan: mia saba arobaini na tatu. Nikageuka. Mia saba arobaini na tatu. Mstari wa Kinyanjui: mia mbili na nane, kwenda na kurudi. Nikaandika kwa chaki kwenye mlingoti wa goli, watu wote wakaona. Nikampa Irungu.

Irungu akatembea mpaka kwa meza, akainama kidogo, akachukua kipaza sauti. Kwa muda ule hata sigara hungewasha ikashika. Akasema: Kinyanjui, elfu moja mia nne na thelathini. Dedan, mia mbili na nane. "Imethibitishwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti wetu, Mzee Munyoki!"

Baba Batulo, uwanja ule hata ukiujaza mbuzi hauwezi kupata elfu moja mia nne.

Watu wakanigeukia. Nikafungua mdomo, nikakumbuka sahihi ni yangu. Nikaufunga.

Jioni yake Waringa akaja. Humjui, ni mjane anayeuza viazi kwa gunia, sauti yake inatoka Jericho inafika Donholm. Hakuingia ndani. Akasimama mlangoni, akasema, "Baba Nthoki, asubuhi ulituhesabu kama mbuzi."

Nikasema, "Niliwahesabu vizuri."

"Ndiyo. Na saa sita ukatuuza kama mbuzi."

Nthoki alikuwa jikoni, akasikia yote. Tangu siku hiyo ananipa chakula bila kusema karibu.

Sasa watu wamenung'unika sana, na gazeti moja limeuliza. Kwa hivyo Jumamosi tarehe kumi na mbili kuna mkutano wa chama ukumbini. Irungu anataka nisimame niseme nilihesabu, na hesabu ni ile iliyosomwa. Anasema ni neno moja tu, halafu tunakunywa soda.

Si kwamba nakuomba shauri. Nakuambia tu. Lakini ukiwa na neno, liandike haraka, lifike kabla ya tarehe hiyo.

Ndugu yako,
Baba Nthoki


Isiolo
9 Machi 1988

Kwa Bwana Mwenyekiti Munyoki,

Salamu. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua zako zote mbili zilifika. Posta haina makosa.

Pole kwa Mama Nthoki. Niliposoma nilifunga duka mpaka jioni. Alikuwa kama dada yangu. Ilinipasa kujua nikaja, na wewe ulininyima hata hilo.

Sikujibu ya kwanza kwa sababu uliandika yale ya sabini na tisa tusiyaguse. Mimi nayagusa kila siku, Bwana Mwenyekiti. Wacha nikukumbushe, labda umri umekula kichwa. Nilisimama udiwani. Watu wa Jericho walinitaka, wewe mwenyewe ulizunguka na mimi nyumba kwa nyumba. Siku nne kabla ya kura, mkubwa wa chama akapanda jukwaani akasema, "Ndugu Wehliye amejiondoa kwa hiari yake. Alimweleza Mzee Munyoki jana." Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya watu. Sikuwa nimejiondoa. Jana yake nilikuwa na wewe tunacheza drafti!

Watu wote wakakutazama wewe. Na wewe ukaangalia viatu vyako.

Udiwani ulinipita, sawa, wengi umewapita. Waliosema mimi ni mtu wa kuja, baba yangu alizaliwa Nairobi kabla ya wao kujua Nairobi iko wapi, na hao pia niliwasamehe. Lakini baada ya mkutano ule nilikaa kwenye benchi siku tatu. Kutoka mlango wako mpaka benchi langu ni hatua thelathini. Nilisema atakuja. Hata kama ni kuja kunidanganya, atakuja. Siku ya nne nikaanza kufunga mizigo.

Kwa hivyo mimi usiniulize la kusema Jumamosi.

Mwandiko wako nimeuona. Unasomeka.

Wehliye


Jericho, Nairobi
14 Machi 1988

Kwa Baba Batulo,

Hamjambo huko? Mimi sijambo ila mikono inauma mahali waliponishika, na hiyo nitaeleza. Mpaka leo Jumatatu sijapata barua yako. Nilikwenda posta Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Kwa hivyo nilikwenda mkutanoni bila neno lako.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikaa meza ya mbele. Irungu akasoma fomu, halafu akaiinua juu.

"Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

Vijana wa chama wakapiga makofi. Irungu akasema, "Basi, ndugu zangu, mmesikia." Na akaanza kukunja karatasi.

Mimi sikuketi. Nikasema, "Sahihi ni yangu. Hizo nambari si zangu. Mimi nilihesabu mia saba arobaini na tatu za Mwalimu, mia mbili na nane za Mheshimiwa, nikaenda nikarudi. Na sahihi niliweka saa moja kasoro asubuhi, karatasi ikiwa tupu."

Hapo ndipo palipoingia kelele. Kijana mmoja nyuma akapiga yowe, "Buda, kaa chini! Umezeeka vibaya!" Irungu yeye akacheka. Alijua kucheka ni dawa. Akasema, "Mzee wetu amesahau. Alihesabu, akaja mezani, akaweka sahihi mbele yangu, nikatangaza. Mtu wa darasa la nane, sahihi inamchukua muda gani? Ni kama kupangusa jasho."

Baba Batulo, nilikuwa na njia moja tu na sikuipenda. Sikuipenda kabisa.

Nikasema, "Nipe kalamu."

Akanipa, anafikiri nimekubali. Nikamwambia fundi saa wa Makongeni aliyekuwa kiti cha mbele, "Toa saa yako, uangalie." Nikageuza fomu upande usioandikwa. Nikaanza.

Wewe hujaniona nikiandika. Barua nakwaruza tu, lakini sahihi naichora kama nilivyofundishwa. Kwanza nashika kalamu kama patasi. Ile M peke yake ina milima miwili, na mlima wa pili lazima nipumzike. Ukumbi ulikuwa unacheka mwanzoni. Mtu akasema, "Mzee anachora reli!" Nikaendelea. U. Nikapangusa mkono. N. Kicheko kikaanza kupungua. Nilipofika Y mtu hakukohoa. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye karatasi. Watu niliowaambia miaka nane kwamba nimesoma, wote walikuwa wananiangalia nikitafuta njia ya O kama mtu anayetafuta tundu la funguo. Nthoki alikuwa amesimama ukutani. Hakuwahi kuniona.

Nilipoinua kalamu, fundi saa akasema, "Dakika sita na nusu."

Nikasema, "Mimi sikufika darasa la nane. Sikufika la kwanza. Nilijifunza jina langu ngumbaru nikiwa mzee. Sasa niambieni, siku ile ya mlolongo, kati ya kuhesabu na kutangaza, ni nani aliyeniona nimekaa mezani dakika sita na nusu?"

Waringa, na unajua sauti yake, hapana, huijui: "Tulitangaziwa mzee bado yuko golini ana chaki mkononi! Hata M hangemaliza!"

Ukumbi ukalipuka. Irungu akawa anapiga meza. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kalamu, na nikaona, Munyoki, leo mdomo umefunguka, na hutapata siku nyingine. Nikasema kwa sauti yangu ya yadi: "Na mwaka wa sabini na tisa Wehliye hakujiondoa! Hakuniambia mimi, hakumwambia mtu yeyote. Lilikuwa jambo la uongo na mimi nilijua!"

Wengine hapo ni vijana, walikuwa wanaulizana Wehliye ni nani. Wazee walijua. Nilimwona mama mmoja ameziba mdomo.

Irungu akasema, "Mzee ana homa, msaidieni." Vijana wanne wakanisaidia mpaka barabarani.

Jana wamekuja nyumbani wakachukua kiti cha chama, bendera, beji na kadi. Kadi yenyewe nilikuwa nayo tangu uhuru. Niliwapa chai, hawakunywa. Mheshimiwa bado ndiye mteule, Mwalimu Dedan amebaki hivyo hivyo, usifikiri kuna kitu kimebadilika. Ila Nthoki jioni aliweka sahani mezani akasema, "Karibu, baba."

Andika.

Ndugu yako,
Baba Nthoki


Isiolo
13 Aprili 1988

Kwa Baba Nthoki,

Amani iwe kwako na nyumba yako. Kifua chako je? Na mikono? Sisi tunajiandaa kwa mwezi wa Ramadhani, siku chache zijazo. Batulo ana watoto watatu, wa mwisho ana ubishi wako na sijui aliutoa wapi.

Barua yako ya mkutano nimeisoma mara ya kwanza peke yangu. Mara ya pili nilimpa Batulo asome kwa sauti ili nisikie kama sikukosea. Alipofika kwenye jina langu, nilimwambia arudie.

Sasa nikuambie ukweli wangu. Wewe tumejuana miaka kumi na minane. Uliniambia uliwahi kusimamisha gari moshi kwa mkono. Uliniambia Gavana alikuomba maji. Uliniambia Mama Nthoki ndiye aliyekuposa wewe. Sijawahi kukutana na mtu anayeongeza chumvi kama wewe, na nilikupenda hivyo hivyo. Lakini hili jambo, Baba Nthoki, siwezi kulila na chumvi. Likiwa si kweli, ama likiwa nusu kweli, kwamba ulisema kwa sauti ndogo ukiwa mlangoni, ama ulisema ukiwa nyumbani na Nthoki, mimi nitakuwa nimeumia mara mbili, na ya pili nitakuwa nimejitakia.

Gazeti halikuandika. Nimetafuta. Nilimwandikia Qali nimuulize, hajajibu, na Qali hujibu kila barua. Kwa nini hajajibu?

Kwa hivyo nakuuliza kama mtu anavyoulizwa kwa kadhi. Nani alikuona? Nani alikusikia ukitaja jina langu? Niandikie watu, si maneno.

Ndugu yako, ikiwa ni kweli,
Baba Batulo


Jericho, Nairobi
22 Mei 1988

Kwa Baba Batulo,

Idi njema ingawa imepita. Nilitaka barua hii ifike kabla, lakini nimeiandika wiki tatu na nimechana mbili. Natumaini mfungo ulikwenda vizuri na mgongo haukukusumbua kwenye swala. Mimi mzima. Nimepungua kidogo, suruali inahitaji kamba.

Ile barua yako ya Machi ilifika siku mbili baada ya mimi kutuma ile ya mkutano. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote. Ulihesabu hatua thelathini. Ni thelathini na nne. Nilizihesabu zile siku tatu, nikiwa nyuma ya pazia langu, kwenda na kurudi kwa macho. Nilikuona kwenye benchi siku zote tatu.

Kuna kitu sikuandika, na Irungu hakijui, na marehemu Mama Nthoki alikikisia tu. Usiku wa kuamkia mkutano ule wa sabini na tisa, mkubwa aliniita akaniambia, "Kesho nitasema neno kuhusu rafiki yako. Wewe ukinyamaza, mwezi wa kwanza utakuwa mwenyekiti wa mtaa." Sikuambiwa nitapigwa. Sikutishwa na mtu. Nilitaka tu kuitwa mwenyekiti. Nilikuwa nimekaa miaka thelathini na moja nikihesabu mabehewa ya watu wengine, na sikuwahi kuitwa chochote. Nikakuuza kwa jina hilo. Januari nikapewa, kama ulivyoona kwenye barua zangu nilivyokuwa nikijivuna nalo. Nakuomba msamaha. Neno hili limenichukua muda kuliko ile sahihi.

Kwa jambo hilo sina shahidi, itabidi uniamini, na nadhani utaniamini kwa sababu halina sifa ndani yake.

Siku hizi mtaa umetulia kwangu. Mtu akiniona anavuka barabara. Fundi saa alikuja mara moja kucheza, kesho yake vijana wa chama wakasimama mbele ya kibanda chake kutwa, hajarudi, na mimi sikumlaumu. Naweka vizibo kwenye ubao, nacheza upande wangu, nageuza ubao, nacheza upande wako. Upande wako unashinda zaidi. Sijui kwa nini. Labda ninakuachia.

Sasa mashahidi uliowataka.

Qali alikuwa mlangoni mwa ukumbi, upande wa kulia. Nilimwendea nikamwambia, "Mjibu mjomba wako." Akaniambia, "Mzee, barua zinafunguliwa. Mimi nina duka na leseni yake ni ya kila mwaka. Siandiki kitu. Lakini mjomba akiniuliza uso kwa uso nitamwambia mpaka rangi ya kalamu."

Waringa alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele. Meza yake ya viazi utaiona ukiingia soko kwa lango la mbele, ya pili kushoto. Hajui kuandika, na kusema hajui kuacha. Mwambie tu wewe ndiye Wehliye.

Mwalimu Dedan alikuwa dirishani, nje. Anakaa mstari wa nyuma wa nyumba, karibu na kanisa. Amenyamaza sana tangu mlolongo, lakini chai hanyimi mtu.

Fundi saa anaitwa Thuo, kibanda chake kiko Makongeni karibu na geti la nyumba za reli. Nenda mapema kabla vijana hawajaamka. Muulize dakika sita na nusu. Aliandika kwenye kitabu chake cha kazi, sijui kwa nini aliandika, labda alipenda.

Yule mama aliyeziba mdomo ni Mama Njoki, jirani yako wa zamani aliyekuwa anakuletea maziwa. Alikuwa safu ya nne. Yeye alisikia jina lako vizuri kuliko wote, maana alianza kulia kabla sijamaliza.

Irungu mwenyewe alikuwa karibu nami kuliko wote. Hanipendi, na kwa hivyo hawezi kunisaidia kwa uongo. Nyumba yake ni Donholm, mpya, mlango wa kijani.

Na Nthoki, aliyekuwa ukutani. Yeye ni mtoto wangu, unaweza kumtoa kwenye hesabu ukitaka. Wanabaki sita.

Hao wote, ukitoa Irungu na Nthoki, nimewaomba wakuandikie na wote wamekataa. Wana watoto, wana vibanda, wana nyumba za baraza la jiji. Hakuna atakayeweka sahihi kwenye kitu. Lakini kila mmoja ameniambia peke yake, bila kumsikia mwenzake, kwamba Wehliye akija akasimama mbele yake, atamwambia alichokiona. Hawaendi mahali. Wako hapa hapa, kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Ndugu yako,
Baba Nthoki